Kabla hujalipia gredi, pima uzito

Mwezi huu nimeulizwa swali lilelile na watu watatu tofauti. Mmoja Yeoville, mmoja Mayfair, na dada mmoja anayefanya kazi za ndani huko Randburg. Wote wameonyeshwa sarafu ya zamani ya fedha iliyofungwa kwenye plastiki ngumu, ina namba juu yake, na muuzaji anasema bei itapanda tu. Swali lao: "Kaka, hii si bora kuliko kuweka hela benki?"

Kama hela hiyo ni ya ada, ya kiwanja au ya matibabu ya mzazi, jibu langu ni hapana. Kama ni hela ya kujifurahisha baada ya kutuma nyumbani na kulipa kodi ya chumba, nunua, lakini ujue unanunua nini. Najua wapo watakaosema nawaonea wivu wanaojua kutafuta. Sawa. Naomba wasome mpaka mwisho kwanza.

Nianze na jamaa yangu mmoja wa Tanga, fundi bodi wa magari, yuko hapa Bondeni tangu kabla ya Kombe la Dunia la 2010. Mtu makini, hanywi, hachezi kamari. Alipigiwa simu na muuzaji mwenye sauti nzuri, akauziwa seti ya sarafu nne za enzi za Muungano wa Afrika Kusini: shilingi tano moja ya 1947 na nusu krauni tatu, yaani shilingi mbili na nusu, za miaka hiyohiyo. Kila moja kwenye plastiki yake, sanduku la mbao, cheti chenye muhuri. Alilipa rand 1,800 kila mwezi kwa miezi 12. Piga hesabu: rand 21,600. Kwa bei ya wakati ule hiyo ilikuwa kama milioni tatu za Tanzania.

Mwaka 2024 mama yake akahitaji operesheni. Jamaa akabeba sanduku lake kurudi kwa waliomuuzia. Wakamwambia wao wanauza, hawanunui. Akazunguka. Duka la kwanza likampa rand 2,400. La pili rand 3,100. Alinipigia akiwa amekaa kwenye ngazi za Park Station, anauliza kama kuna mahali pa tatu. Hapakuwa na mahali pa tatu. Aliuza kwa 3,100, nyingine tukachangishana.

Sasa watu wakisikia habari hii husema "alipigwa feki". Hapana, na hapo ndipo penye somo. Sarafu zake zilikuwa halali kabisa. Nilizipima mwenyewe. Fedha ilikuwa fedha, mwaka ulikuwa mwaka, na gredi ilitolewa na kampuni inayojulikana. Hakuna alichodanganywa juu ya sarafu yenyewe. Alichouziwa kwa bei ya ajabu ni ile namba juu ya plastiki.

Lakini tusiwacheke wanaonunua. Nielewe kwanza kwa nini mtu mwenye akili timamu anafika huko. Wengi wetu hapa tunaishi kwa karatasi zenye tarehe ya mwisho. Kibali cha hifadhi kikipita siku, unaenda benki unakuta akaunti imefungwa mpaka ulete kipya, na kipya hakijatoka. Kutuma hela kutoka Afrika Kusini nako ni ghali. Benki ya Dunia imekuwa ikiitaja nchi hii kuwa ghali kuliko nchi nyingine zote za G20 kwa kutumia hela nje. Halafu kuna kumbukumbu ya 2008, 2015 na 2019, watu wanakimbia vyumba vyao na mfuko mmoja mkononi. Kitu kidogo, kizito, cha thamani, kisichouliza kibali: mtu lazima akipende. Hata lugha yetu inasema hivyo. Fedha ni madini na fedha ni pesa, neno moja. Babu zetu hawakuwa wajinga.

Kwa hiyo sikatai madini. Nakataa kulipia usichoweza kukiuza.

Sarafu ya kale ya fedha ina bei mbili ndani yake. Ya kwanza ni ya madini. Hii unaweza kuikokotoa mwenyewe mezani kwako, huhitaji mtaalamu. Chukua uzito wa sarafu kwa gramu, zidisha kwa kiwango cha fedha iliyomo, gawanya kwa 31.1 ambayo ndiyo gramu za wakia moja ya madini, zidisha kwa bei ya wakia siku hiyo kwa rand. Basi.

Tuchukue ile rand moja ya fedha iliyoanza kutoka 1965, ambayo ndiyo utaikuta kila mahali, hasa ile ya 1967 yenye sura ya Verwoerd. (Ndiyo, Verwoerd huyohuyo wa ubaguzi. Fedha haichagui sura.) Ina gramu 15, na kati ya hizo asilimia 80 ni fedha, yaani gramu 12 tupu. Ni 0.386 ya wakia. Tuseme kwa mfano tu wakia ni rand 600: sarafu hiyo ina madini ya rand 231 hivi. Mnunuzi atakupa chini ya hapo kwa sababu naye anataka kula. Mtu akikutaka 900 kwa hiyo sarafu, muulize ile mia sita na kitu ya juu ni ya nini. Anaweza kuwa na jibu zuri. Muulize tu.

Mwaka kwenye sarafu za hapa una maana kubwa kwa madini, na hapa ndipo wengi wanakosea. Sarafu za Muungano zilizopigwa Pretoria kuanzia 1923 hadi 1950 zina fedha asilimia 80. Kuanzia 1951 wakashusha mpaka asilimia 50. Shilingi tano ya 1950 na ya 1951 zinafanana kwa ukubwa, uzito ni gramu 28.28 zote mbili, na swala yuleyule wa springbok yuko nyuma. Lakini moja ina fedha gramu 22.6 na nyingine gramu 14.1. Ukiziweka kiganjani usiku wa mgao wa umeme hutajua tofauti. Ile ya 1952 yenye meli ya Van Riebeeck nayo ni asilimia 50, ingawa watu huipenda kwa sababu ya meli.

Ikaja rand mwaka 1961. Senti 50 za 1961 hadi 1964 bado zina fedha asilimia 50, kubwa kama zile shilingi tano. Baada ya hapo, kuanzia 1965, senti 5, 10, 20 na 50 ni nikeli. Zinang'aa vizuri kuliko hata fedha, na nimeona watu wakiuziwa mkoba mzima pale sokoni wikendi kama "silva ya zamani". Dawa yake ni sumaku ndogo ya friji. Nikeli inashika sumaku, fedha haishiki. Weka moja kwenye mnyororo wa funguo. Na rand moja nayo angalia: kuanzia 1977 ile ya matumizi ya kawaida ni nikeli, zile za fedha zikaendelea kutolewa kwa wakusanyaji tu.

Bei ya pili ni ya ukusanyaji, na hiyo haina fomula. Inatokana na sarafu ni adimu kiasi gani, watu wangapi wanaitaka, na iko katika hali gani. Hiyo hali ndiyo inayopewa gredi.

Mpango wa gredi unaotumika leo duniani ulianzia kwa Mmarekani mmoja, William Sheldon, ambaye mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya senti za shaba za kale za Marekani. Alipanga hali ya sarafu kutoka 1 hadi 70. Wazo lake la mwanzo lilikuwa rahisi sana: sarafu ya namba 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya namba 1. Bei hazikukubali kubaki hivyo, lakini namba zikabaki. Miaka ya themanini zikaanzishwa kampuni kubwa mbili za Marekani, PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, zinazopokea sarafu, kuikagua, na kuifunga kwenye plastiki yenye namba. Hapa Afrika Kusini kuna SANGS pia.

Kwa kifupi: chini ya 60 ni sarafu iliyopita mikononi mwa watu. Kuanzia 60 mpaka 70 ni ile ambayo haikutumika, na huandikwa MS mbele ya namba. Kati ya 63 na 65, jicho lako na langu haliwezi kuona tofauti bila lenzi na taa nzuri, na hata wakaguzi wenyewe hutofautiana. Wapo wafanyabiashara wanaovunja plastiki na kuituma sarafu ileile tena wakitumaini namba kubwa zaidi. Lakini kwenye bei, hatua hizo mbili zinaweza kuwa tofauti ya mara mbili au mara tano. Sasa jiulize, mtu anayelipwa kwa saa, anaweza kuweka ada ya mtoto kwenye tofauti ambayo mkaguzi mmoja anaiona na mwingine haioni?

Gredi ni kitu cha kweli, sisemi ni utapeli. Kwa sarafu adimu inasaidia sana, maana inathibitisha kwanza kwamba si feki. Ukikuta sarafu za fedha za Kruger za miaka ya 1892 mpaka 1897, za ile Jamhuri ya Zuid-Afrikaansche, gredi yake ina uzito, kwa sababu nyingi zilichakaa na zilizobaki safi ni chache. Zile za kwanza za 1892 zilipigwa Berlin, na mchoraji Mjerumani akachora gari la ng'ombe lenye miti miwili ya kuvutia kama magari ya kwao, wakati gari la Makaburu lina mti mmoja. Ikawa aibu kwa Kruger. Wakusanyaji mpaka leo wanahesabu miti hiyo kabla ya kutoa bei. Hiyo ni historia, na watu hulipia historia.

Tatizo linaanza gredi inapowekwa kwenye kitu ambacho si adimu. Shilingi tano ya 1947, ile iliyotolewa mwaka wa ziara ya familia ya kifalme ya Uingereza, si adimu. Zilitunzwa nyingi tangu siku ya kwanza kama ukumbusho. Muuzaji anakwambia, "Zimepewa namba hii chache tu duniani, angalia orodha ya kampuni." Orodha ni ya kweli. Lakini orodha inahesabu zilizotumwa kukaguliwa, haihesabu zilizopo. Kama sarafu ina bei ndogo, nani atalipia kuituma? Siku bei ikipanda, wenye nazo wanazituma kwa wingi, na ile "chache tu duniani" inageuka kuwa mia kadhaa.

Mlioishi hapa muda mrefu mnakumbuka kichaa cha rand tano za Mandela, hasa zile za kutimiza miaka 90, za 2008. Watu walikuwa wanaziuza kwa maelfu, wengine mpaka leo wanazitangaza kwenye simu. Hata fedha hazina. Benki Kuu ya Afrika Kusini imeeleza wazi kwamba zile zilizotolewa kwa matumizi ya kawaida ni rand tano, unanunulia mkate. Ninamfahamu mama mmoja wa Kigoma ana kopo zima chini ya kitanda. Nimemshauri azipeleke dukani akanunue unga. Hajanisamehe.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawawezi kukwambia kwa sababu wao hawatumi hela Tandahimba wala Goma. Thamani ya gredi haivuki mpaka. Uzito unavuka. Peleka sarafu yenye plastiki ya MS 65 kwa sonara wa Kariakoo, au Mombasa, au Bukavu. Atafanya nini? Ataangalia, ataweka kwenye mizani, atakupa bei ya fedha ya kuyeyusha, tena ataikata kidogo. Hana mteja wa namba 65. Wateja wa namba hiyo wako hapa, kwenye minada ya Johannesburg na Cape Town, au Marekani na Uingereza. Kwa hiyo mtu anayekusanya sarafu za gredi huku mpango wake ni kurudi nyumbani, anaweka akiba kwenye sarafu ambayo anatakiwa kuiuza kabla hajapanda basi. Na anayeuza akiwa na haraka ya basi anajulikana tu usoni.

Kuhusu mpaka wenyewe, usifiche kwenye soksi. Sheria ya urithi ya nchi hii, ya 1999, inaruhusu sarafu za kale ziwekwe kwenye orodha ya vitu ambavyo kutoka nje vinahitaji kibali cha SAHRA. Rand chache za 1967 haziwezi kuwa hadithi ndefu, lakini kama una sarafu ya Kruger ya thamani, uliza kwanza, na beba risiti. Mtu wa forodha akikukuta na chuma cha thamani bila karatasi, na wewe ni mgeni, unajua mazungumzo yatakavyokwenda.

Risiti hiyohiyo ni muhimu hata hapa mjini. Duka linalonunua vitu vilivyotumika linatakiwa na sheria ya 2009 kusajiliwa polisi na kuandika nani ameuza nini, pamoja na kitambulisho chake. Ukiona duka halikuulizi kitambulisho wakati unauza, usifurahi. Na ukinunua kona ya Hillbrow kwa bei ya chee, hujui sarafu hiyo imetoka droo ya nani. Zikikutwa kwako, neno lako ni neno la mgeni. Nimeona kijana akilala ndani siku tatu kwa ajili ya saa ya mkononi aliyonunua barabarani. Sarafu si tofauti.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui ni kodi. Krugerrand ya dhahabu haitozwi VAT hapa, sheria imeipa sifuri. Fedha inatozwa asilimia 15. Ukinunua Krugerrand mpya ya fedha dukani, umeshapoteza hiyo asilimia 15 kabla hujafika nyumbani, kwa sababu atakayeinunua kwako hatakurudishia kodi. Ongeza faida ya duka, na fedha inabidi ipande kama robo hivi ndipo wewe urudi sifuri. Ndiyo maana mimi husema: ukitaka madini ya fedha, tafuta zile za zamani za kawaida, zilizochakaa, kutoka kwa mtu binafsi au mnadani, kwa bei iliyo karibu na uzito. Wakusanyaji wanaziita takataka. Takataka hizo ndizo zinauzika haraka, maana hakuna ubishi juu yake. Mizani inasema, mnakubaliana, kwaheri.

Na bei ya fedha haina adabu. Januari 1980 ilikaribia dola 50 kwa wakia, ndugu wawili matajiri wa Texas wakiwa wameirundika; Machi mwaka huohuo ilikuwa imeanguka mpaka chini ya dola 11. Ikakaribia tena 50 Aprili 2011, mwisho wa 2015 ikawa chini ya 14. Oktoba 2025 ikavuka 50. Sasa chukua mtu aliyenunua 2011 na akahitaji hela ya msiba 2015. Hakuna aliyemdanganya. Msiba tu haukusubiri soko.

Nigusie kidogo na sarafu za kwetu, maana najua simu mnazopigiwa kutoka nyumbani. "Mjomba, tumepata rupia ya Mjerumani, tutafutie mzungu huko Sauzi." Rupia ya Mjerumani ni sarafu halali na nzuri: gramu 11.66, fedha zaidi ya asilimia 91, zilipigwa kuanzia 1890. Ina bei yake, na ikiwa safi wakusanyaji wanaitaka. Lakini habari za rupia inayovuta punje za mchele, inayouzwa mabilioni kwa wazungu wa siri, hizo ni za kuwalia watu nauli. Fedha haivuti kitu. Ikivuta mchele, ujue mchele umewekewa chuma au rupia si ya fedha, na vyovyote vile wewe ndiye unayevutwa.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba nayo ina majina makubwa kuliko madini yake. Zile za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, asilimia 25, chini ya gramu mbili kwa kila sarafu. Kuanzia 1948 hazina hata chembe. Ndugu wa Kongo wao wana faranga 50 za 1944 zenye tembo, hizo ni nusu fedha, na ziko nzuri kweli.

Na kuna riale ya Maria Theresa, ile ambayo bibi zetu wa pwani walikuwa nayo shingoni au kwenye kasha. Zote zimeandikwa 1780. Mtu anakuja amefurahi: "Kaka, ina miaka zaidi ya mia mbili!" Kumbe zimeendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo karne nzima ya kumi na tisa na ya ishirini, Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Arabuni na Habeshi walikataa tarehe nyingine. Tarehe kwenye sarafu si lazima iwe umri wake. Uzito wake lakini haudanganyi: gramu 28, na ndani yake gramu 23.4 za fedha tupu. Ikiwa imetobolewa kwa ajili ya mkufu, mkusanyaji hataipa gredi ya maana. Kwa sonara tundu hilo ni kama halipo. Kwako wewe, kama ni ya bibi, usiiuze kwa yeyote kati yao.

La mwisho kwenye kushika: usisafishe. Najua tulivyolelewa, fedha inasuguliwa kwa limau na majivu mpaka ing'ae kabla ya Idi. Bangili, sawa. Sarafu ukiisugua kwa limau, dawa ya meno au ile dawa ya kung'arishia shaba, unaondoa ngozi yake ya juu, na mkaguzi akiipokea ataandika kwamba imesafishwa, hataipa namba. Ule weusi unaouona ni mchafu, kwa mkusanyaji ndio ushahidi. Ishike kwa ukingo, iweke kwenye karatasi kavu, mbali na mipira na plastiki laini.

Watu wameniuliza mimi nafanyaje. Kila mwezi hela ya nyumbani inatoka kwanza. Pili ni upatu. Tuko kumi, tunafahamiana, wawili kati yetu tumetoka kijiji kimoja. Tatu ni akiba ya dharura ambayo naweza kuitoa siku hiyohiyo. Ikibaki kitu, na miezi mingi haibaki, nanunua rand moja ya fedha ya miaka ya sitini, moja au mbili, kwa bei ya uzito. Nina 41. Hazizidi sehemu ya kumi ya nilicho nacho, na sizilazi chumbani kwangu.

Na ya arobaini na mbili ipo, ila siihesabu. Ni shilingi tano ya Kruger ya 1892 niliyonunua 2011, siku bei ilipokuwa juu na mimi nikajiona mjanja, kwa mzee mmoja mwenye meza ya vitu vya kale na shati safi. Inatakiwa iwe na gramu 28.28. Sikuwa na mizani siku ile. Nilipopata, ikasoma 24.6. Ina gari la ng'ombe, ina Kruger na ndevu zake, kila kitu kipo isipokuwa gramu nne. Mdogo wangu akija kutembea huitumia kurushia karata nani aanze. Mizani niliinunua Fordsburg, rand 180, na kila anayetaka kupima sarafu yake kabla hajalipa anaweza kuja nayo Jumapili baada ya saa nane.